Komamanga Tamu na Komamanga Kali: Lipi Lililo Bora?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: katika aina za makomamanga, lipi lililo bora? Na mmoja wao akaongeza kwamba muuzaji amemwambia anywe maji ya komamanga jekundu, kisha aache dawa zake za ugonjwa wa sukari. Kwa ajili ya neno hili la mwisho tumeona yapasa kujibu kwa urefu kidogo.

Tunda hili, ambalo wengine wetu huliita kukumanga, limetajwa katika Qur'ani mara tatu. Na katika Sura ya Al-An'am tumeamrishwa tuyatazame matunda yanapozaa na yanapowiva. Basi na tutazame.

Kwanza, rangi. Watu wengi huchagua kwa wekundu wa ganda, na hili ni kosa. Ganda haliwi shahidi wa punje zilizo ndani. Na hata punje za aina moja huweza kupungua wekundu tunda likiwiva katika joto kali. Bora mnunuzi alipime mkononi: lililo zito kuliko umbo lake ndilo lenye maji. Wala asinunue bichi akangojea liwive nyumbani, kwani komamanga likishachumwa haliwivi tena kama embe au ndizi.

Pili, utamu. Hudhaniwa kwamba komamanga kali halina sukari. Sivyo. Tamu na kali mara nyingi hukaribiana katika sukari. Kinachozitenga ni asidi, ile ile iliyomo katika ndimu. Mollar de Elche ya Hispania ina asidi chache na mbegu laini, kwa hivyo ulimi huiona tamu. Bhagwa ya Bara Hindi ni tamu na punje zake ni nyekundu. Makomamanga ya Jabal Akhdar, kule Omani walikojaa jamaa zetu, yana sifa ya utamu pia. Ama Wonderful, iliyofikishwa California mwaka 1896, ni nyekundu sana na utamu wake umechanganyika na ukali.

Tatu, ziko madda ambazo wataalamu huziita antioksidanti, nazo huzuia uharibifu unaoletwa na oksijeni. Katika komamanga baadhi yake ni ile rangi nyekundu ya punje, na nyingine, zenye nguvu zaidi, zimo katika ganda. Mwaka 2000 ulitangazwa utafiti juu ya aina ya Wonderful: maji yake yalionekana kuwa na nguvu hiyo mara tatu kuliko chai ya kijani. Na yale yaliyokamuliwa kiwandani, tunda zima pamoja na ganda, yaliyashinda yaliyotoka katika punje peke yake. Ukakasi wa ganda, ambalo wazee wetu hulichemsha kwa tumbo la kuhara, watoka katika madda hizo hizo.

Lakini hapa ndipo wauzaji wanapovuka mpaka. Nguvu iliyopimwa ndani ya chupa ya maabara si dawa iliyothibiti mwilini. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula kwa kipimo cha nguvu hiyo. Mwaka 2012 ikaiondoa, kwa kuwa hesabu zile zilikuwa zikitumiwa vibaya katika biashara, wala hazionyeshi athari yake ndani ya mwili wa mtu. Madda za ganda nazo haziingii damuni kama zilivyo. Vijidudu vya matumboni huzigeuza kwanza, na watu hawako sawa katika jambo hilo.

Basi jibu letu ni hili. Atakaye kula punje na achague tamu yenye mbegu laini. Atakaye maji au kitoweo na achague kali. Na atakaye wekundu na alipasue moja kabla ya kununua kapu. Hapana aina moja iliyokusanya sifa zote.

Ama ndugu yetu mgonjwa, na ajue kwamba bilauri moja ya maji hayo ina kiasi cha gramu 30 za sukari. Komamanga ni neema na ni chakula. Kuliweka mahali pa dawa aliyopewa na daktari ni kujitia katika maangamizo, na hayo tumekatazwa. Na ale punje kwa kiasi, amuulize daktari wake, wala asimuulize muuzaji.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.