Sindano ya Ng'ombe Iliyootesha Miti

Siku moja darasani nilisema kwamba sindano ya ng'ombe iliwahi kuotesha miti. Mzee mmoja akacheka. Akasema, "Mwalimu, leo umetuletea hadithi za sungura!" Jamani, hii si hadithi. Mambo haya yalitokea Serengeti. Hebu tuyasome polepole.

UGONJWA

Kiasi cha mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki. Ng'ombe wengi mno walikufa. Wafugaji wakafa njaa. Sotoka haikuchagua. Iliua nyati na nyumbu pia. Miaka mingi ikapita, nyumbu wa Serengeti hawakuongezeka. Ndama wao waliugua wakafa.

CHANJO

Katika miaka ya 1950 ng'ombe wanaofugwa kandokando ya Serengeti walianza kuchanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa. Lakini ng'ombe walipopona, nyumbu nao wakapona. Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa ulikuwa unatoka kwa ng'ombe. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa karibu 260,000. Mwaka 1977 walifika karibu 1,300,000. Hiyo ni mara tano!

NYASI, MOTO NA MITI

Nyumbu walipokuwa wachache, nyasi zilibaki nyingi. Zilirefuka, zikakauka wakati wa kiangazi. Moto ulipowaka ulikuwa mkali, ukaunguza miche. Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi, zikawa fupi. Moto ukakosa chakula. Basi miche ya migunga ikakua, ikawa miti. Simba na fisi wakapata nyama. Tumbusi na wadudu wakala mizoga. Samadi ikaingia ardhini, nyasi zikaota tena.

TUNAJIFUNZA NINI?

Udongo, mvua, mimea, wanyama na watu hutegemeana. Mahali vinapotegemeana hivyo huitwa mfumo wa ikolojia. Ni kama mkeka. Ukifumua ukili mmoja, mwingine nao hulegea. Ukishona mmoja, mwingine hukazika.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Lakini kimeta na kichaa cha mbwa bado vipo. Magonjwa hayo huua mifugo, wanyamapori na watu. Kwa hiyo bwana mifugo akija na chanjo, mpeleke ng'ombe wako. Mpeleke na mbwa wako. Unamkinga mnyama wako, mtoto wa jirani, na hata mnyama wa porini usiyemjua.

Yule mzee hakucheka tena. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe! Nami mwaka jana nilimficha mbwa wangu siku ya sindano."

Mwaka huu alikuwa wa kwanza kufika, kamba mkononi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbu hawakuchanjwa. Mbona walipona?
2. Kwa nini moto ulipungua Serengeti?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kikiondoka kitaharibu vingine? Taja vitatu.