Mwanafunzi na Kalamu: Namna ya Kuandika Habari katika Gazeti la Shule

Aandikaye katika gazeti la shule asema na watu asiowaona uso. Neno la mdomo laweza kusahihishwa papo hapo. Neno lililoandikwa hukaa, nalo husomwa na rafiki na adui pia. Kwa hiyo mwanafunzi ana mambo mawili ya kutafuta pamoja: watu wapende kusoma maneno yake, na maneno hayo yawe ya kweli. Wako wadhanio kwamba habari tamu ni ile iliyotiwa chumvi. Mfano ufuatao waonyesha kwamba kweli, ikitafutwa vizuri, yatosha kumvuta msomaji.

Katika shule moja ya kijijini gazeti huandikwa kwa mkono juu ya karatasi kubwa, kisha hubandikwa ukutani. Mwanafunzi wa darasa la sita akapewa kazi ya kuandika juu ya maji.

I. Kuchagua jambo moja

Mara ya kwanza aliandika hivi: "Maji ni kitu chenye faida nyingi. Watu wote wahitaji maji. Wanyama nao wahitaji maji." Hakusema uongo hata kidogo, lakini nani angesimama kusoma mambo ayajuayo tangu utoto? Mwalimu akamwuliza: "Ni maji gani hayo?"

"Ni ya chemchemi yetu, Mwalimu."

"Kuna nini huko?"

"Watoto wa darasa la pili wanaugua tumbo la kuhara tangu juma lililopita."

"Basi, andika hilo."

Jambo moja la karibu hushinda mambo mia ya mbali. Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu, magharibi ya ziwa Tanganyika, alishika njia hiyo. Alikuwa bado mwanafunzi wa seminari wakati maandiko yake juu ya mawazo na desturi za watu wake yalipotokea katika gazeti La Revue congolaise, miaka ya 1910 na 1911. Hakwenda kutafuta habari za nchi za ng'ambo. Aliandika mambo aliyoyajua tangu nyumbani kwao. Mwaka 1917 akapewa upadri, akawa padri mwenyeji wa kwanza katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji.

II. Kwenda kuona na kuuliza

Shuleni palikuwa na uvumi. Watu walinong'onezana ya kwamba mjane mmoja mzee, akaaye karibu na chemchemi, ameyaroga maji. Mwanafunzi akashika kalamu, akaandika kichwa cha habari: "Mchawi Aonekana Kijijini." Hapana shaka watu wote wangekimbilia kusoma. Lakini baadaye je? Kabla ya jua kutua, huenda mawe yangalirushwa juu ya nyumba ya mjane yule. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, na aandikaye uvumi asioupima amekwisha kuwa shahidi wa uongo, hata kama hakuutunga yeye.

Mtakatifu Luka aonyesha njia iliyo bora. Yeye hakuwa mmoja wa wale mitume kumi na wawili. Mwanzoni mwa Injili yake aeleza namna alivyofanya kazi: alichunguza mambo yote tangu mwanzo, kama yalivyopokelewa kwa wale walioona kwa macho, akamwandikia Teofilo kwa utaratibu, kusudi huyo apate kujua hakika ya mambo aliyofundishwa. Neno la Kigiriki alilotumia Luka kwa kufundishwa huko ndilo shina la neno "mkatekumeni". Basi Injili hiyo iliandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, kusudi asisimame juu ya uvumi.

Mwanafunzi yule akaifuta karatasi yake, akashika njia ya chemchemi. Akaona mbuzi wakinywa juu, mahali palipo karibu na shina la maji, na wanawake wakiteka chini yao. Akaona tena choo kilichochimbwa mlimani, juu ya chemchemi. Akaenda kwa mwuguzi wa dispensari, naye akamweleza kwamba uchafu wa watu na wa wanyama ukiingia katika maji huleta tumbo la kuhara, tena kwamba maji yakichemshwa sawasawa hayadhuru tena. Mwisho akapiga hodi kwa mjane.

"Jambo, Mama. Nimekuja kuuliza habari za chemchemi."

"Karibu, mwanangu. Mjukuu wangu amelala ndani, leo ni siku ya tatu, anahara. Nani aroge maji anywayo mjukuu wake? Wengi wamepita hapa wakitazama pembeni. Wewe tu umekuja kuniuliza."

Mwanafunzi akayaandika yote katika daftari yake: siku, mahali, na maneno ya kila mtu kama alivyoyasema. Kisha akahesabu katika kitabu cha majina: watoto 11 wa darasa la pili walikuwa hawakuja.

III. Kupanga maneno

Mwanzo wa habari ni mlango wake. Hapo msomaji aingia, ama apita. Mwanafunzi akaanza hivi: "Siku ya Jumatatu watoto 11 wa darasa la pili hawakuitikia majina yao." Asomaye hayo ataka kujua sababu, naye atasoma mpaka aipate.

Katikati ya habari yafaa kujibu maswali haya: Nani? Nini? Wapi? Lini? Kwa sababu gani? Kwa namna gani? Yaliyoonwa kwa macho yatajwe kuwa yameonwa. Yaliyosikiwa yatajwe pamoja na msemaji wake. Mwenye choo hakutajwa jina mbele ya kijiji kizima. Mwalimu alikwenda kumwonya faraghani kwanza, kama Bwana wetu Yezu Kristu alivyofundisha juu ya kumwonya ndugu.

Mwisho wa habari umpe msomaji kazi ya mikono: kila nyumba ichemshe maji ya kunywa, choo kihamishwe, na chemchemi izungushiwe ua. Juu ya yote akaandika kichwa kipya: "Mbuzi Juu, Watu Chini."

IV. Kuandika kwa ufupi na kwa upole

Mwaka 1594 padri kijana, Fransisko wa Sales, alikwenda kuhubiri katika nchi ya Chablais, kando ya ziwa la Geneva. Wengi hawakuthubutu kuja kumsikiliza. Basi akaandika mafundisho yake katika karatasi, zikanakiliwa na kupitishwa chini ya milango. Karatasi ya namna hiyo haina mtu wa kuitetea. Maneno yake yenyewe sharti yawe mafupi, ya wazi na ya upole, la sivyo hutupwa motoni. Mwaka 1923 Papa Pio XI alimweka Mtakatifu huyo kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki.

Kabla ya kubandika habari yake, mwanafunzi amsomee mtoto mdogo kwa sauti. Mtoto akiuliza "Maana yake nini?", neno hilo libadilishwe. Neno lililotiwa kusudi mwandishi aonekane mwenye elimu lifutwe. Na kosa likijulikana baadaye, lisahihishwe juu ya ukuta ule ule, wasomaji wale wale walione.

Habari ya chemchemi ilipobandikwa, watu walisoma wakisukumana. Siku ya Jumamosi wanaume wakaja na mapanga, wakajenga ua. Na yule mjane akasalimiwa tena njiani.

Maswali

1. Kwa nini habari ya kwanza ya mwanafunzi haikuvuta watu, ingawa ilikuwa ya kweli?
2. Mtakatifu Luka alifanya nini kabla ya kuandika?
3. Ni madhara gani yangalimpata mjane kama uvumi ungaliandikwa?
4. Kwa nini mwenye choo hakutajwa jina?

Azimio: Juma hili kila mmoja asikiaye neno baya juu ya jirani amwendee jirani huyo na kumwuliza, kabla ya kulirudia kwa mdomo ama kwa kalamu.