Vina vya Neno "Ziwa"

Somo kwa watungaji wanaoanza



Mashairi yanayoletwa kwa ukurasa wa Kiswahili ni mengi, na mengi katika hayo husimulia habari za ziwa. Si ajabu. Sisi wa Kizuka na Rumonge tumelelewa na Ziwa Tanganyika mbele yetu na michikichi nyuma yetu. Ndagala na mukeke tulivyovila vimetoka humo, na taa za wavuvi usiku ndizo nyota zetu za chini. Lakini katika mashairi hayo naona kosa moja linalorudi kila mara. Mtungaji akishaandika "ziwa" mwishoni mwa mshororo, hukimbilia neno lo lote linaloishia kwa -wa, akalibandika hapo, kisha akaendelea mbele bila kuuliza kama neno hilo lasema kweli.

Leo nataka tulichukue neno hili moja, tulitafutie vina vyake, vile vilivyo kamili na vile vinavyokaribia tu. Kisha nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi kama ninyi.

1. Kina ni nini?

Kina ni silabi ya mwisho iliyo sawa katika vipande vya shairi. Katika shairi la kawaida la mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, yaani 8 kabla ya mkato na 8 baada yake. Kwa hiyo huwa na vina vya aina mbili: vya kati na vya mwisho. Silabi iwe ileile, konsonanti na irabu yake. Irabu peke yake haitoshi. "Ziwa" na "pima" zina irabu sawa, i na a, lakini si vina, maana moja yaishia kwa -wa na nyingine kwa -ma.

Anayetaka kuzisoma kanuni hizi kwa utaratibu akitafute kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Nawatajia kwa furaha, kwa sababu mwandishi huyo alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, kwenye ziwa hilihili letu. Baadaye alikuwa Meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika, akafariki mwaka 1964. Basi asiwadanganye mtu kwamba kanuni za ushairi ni mali ya watu wa pwani ya bahari tu.

2. Vina kamili vya "ziwa"

Kwa sheria, kila neno linaloishia kwa silabi -wa ni kina kamili cha "ziwa": chawa, dawa, kahawa, hewa, pewa, olewa. Lakini sikio hupendezwa zaidi silabi mbili zikilingana, yaani -iwa nzima. Hapo tunapata njiwa, kisiwa, siwa (lile baragumu kubwa la wafalme wa pwani), na vitenzi kama tiwa, liwa, fiwa, sifiwa, ambiwa, chukuliwa, andikiwa. "Maziwa" nalo lingefaa, lakini kama maana yake ni ziwa zaidi ya moja, hilo ni neno lilelile limevaa kofia. Ni kujinakili.

Tazameni tena orodha hiyo. Majina ni machache, vitenzi ni vingi. Sababu yake ni kwamba Kiswahili hutumia -wa kutengeneza kauli ya kutendwa. Karibu kila kitenzi chaweza kuingizwa humo: imba hutoa imbiwa, pika hutoa pikiwa, soma hutoa somewa. Kwa hiyo anayetafuta kina cha "ziwa" hawezi kukosa. Ana ghala lisiloisha. Na hapo ndipo hatari ilipo, kama nitakavyoonyesha.

3. Vinavyokaribia

Vina vinavyokaribia ni vile vinavyolidanganya sikio lisilozoea. Nitavitaja vinne.

Kwanza, pigwa, pendwa, letwa. Wengi hudhani vyalingana na "ziwa" kwa kuwa mwisho wake ni -wa. Sivyo. Ukizigawa silabi utapata pi-gwa, pe-ndwa, le-twa. Silabi ya mwisho ni -gwa, -ndwa na -twa. Zakaribia, lakini hazijafika.

Pili, mvua, jua, chukua. Hapa silabi ya mwisho ni a peke yake. Katika tungo nyingi za zamani mtaona mvuwa, juwa, chukuwa, zimeandikwa kwa w, nazo zimepangwa pamoja na maneno ya -wa. Watunzi wale walifuata sikio. Ninyi mkiandika kwa tahajia ya shuleni, chagueni njia moja mkae nayo mpaka mwisho wa shairi.

Tatu, z na dh, s na th. Huku kwetu, na ng'ambo huko Kongo, watu wengi husema "feza" na "samani" wanapotaka kusema fedha na thamani. Kwa hiyo kijana hulinganisha "fedha" na "weza" bila wasiwasi. Akisoma shairi lake Buyenzi au Rumonge, halitamkwaruza mtu. Akilisoma mbele ya wasikilizaji wa Zanzibar watatabasamu.

Nne, l na r. Hili ndilo kosa letu kubwa sisi tuliozaliwa na Kirundi, maana Kirundi hakizitengi sauti hizi mbili kama Kiswahili kinavyozitenga. "Kula" na "kura" si vina, wala si neno moja. Mtu aliyeandika kwamba wananchi "wamekwenda kupiga kula" amewapeleka mezani badala ya kwenye sanduku. Dawa yake ni kusoma kwa sauti mbele ya mwenzako, naye aandike anachosikia. Asipoandika ulichokusudia, rudi ukatengeneze.

4. Umaskini wa wenzetu na utajiri wetu

Ninyi mnaojifunza Kiingereza jaribuni kutafuta vina vya neno lao la kawaida kabisa, love, yaani mapenzi. Mtapata above, dove, glove, shove, na baada ya hapo ni kukuna kichwa. Katika lugha yao kina huanza kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, kwa hiyo irabu hiyo na mkia wake wote lazima vifanane. Ndiyo sababu katika nyimbo zao mapenzi hayakawii kufuatwa na njiwa, ambaye ni dove, au na mbingu iliyo above. Shakespeare mwenyewe, katika soneti zake zilizochapwa mwaka 1609, alilipanga love pamoja na prove, maneno ambayo leo yafanana kwa macho kuliko kwa masikio.

Mtungaji wa Kiingereza basi hupotoshwa na uhaba: neno ni moja, naye hulitumia hata kama halimfai. Mtungaji wa Kiswahili hupotoshwa na wingi. Maneno ni elfu, naye huchukua lililo karibu na mkono. Yule ana njaa, huyu amevimbiwa. Wote wawili huweza kusema wasichokusudia.

Mfano mdogo ni "kisiwa". Nimekulia Kizuka. Nikitazama ziwa naona maji, na ng'ambo naona milima ya Kongo. Sijapata kuona kisiwa mbele yetu. Lakini nimesoma mashairi ya vijana wa kwetu yaliyojaa visiwa. Kina kimewapeleka safari wasiyoikusudia.

Huo ni mfano wa kuchekesha. Sasa nitaleta usiochekesha.

5. Shairi langu la kwanza

Nilipokuwa mwanafunzi, mvuvi mmoja jirani yetu alizama. Ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu. Chomboni walikuwa watatu. Wawili walirudi wakiwa hai, na yeye maji yalimleta pwani siku ya tatu. Mimi nilikuwa nikijulikana kuwa mtungaji, basi wazee wakaniomba nisome shairi siku ya matanga. Ubeti mmoja ulikuwa hivi:

Aliondoka jioni, akaelekea ziwa,
Taa yake mkononi, na wavu aliopewa,
Upepo toka kusini, chombo kikachukuliwa,
Tumemzika nyumbani, ndugu yetu kauawa.

Hesabuni mizani, mtakuta nane kwa nane. Tazameni vina: -ni katikati, -wa mwishoni, hakuna hata kimoja kilichopinda. Mwalimu angenipa alama zote.

Nilipomaliza, watu walikaa kimya. Nikadhani ni kimya cha kusifu. Kisha mama wa marehemu akainua uso, akaniuliza: "Mwanangu, nani aliyemwua mtoto wangu?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama pembeni nikaona watu wengine nao wamegeuka, wanawatazama wale wavuvi wawili waliorudi. Mmoja wao aliinuka, akavaa viatu vyake, akatoka bila kuaga.

Nikasema, "Hapana, mama, hakuna aliyemwua. Nilikuwa nikitafuta kina."

Ndugu zangu, sijapata kusema neno la aibu kuliko hilo. Jioni ile mzee mmoja alinishika mkono, tukaenda mimi naye nyumba kwa nyumba, kwa mama yule na kwa wavuvi wote wawili, nikaomba radhi. Walinisamehe. Lakini yule aliyetoka aliniambia, "Kijana, mimi nilimshika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Wewe umeniandika muuaji." Na katika nchi kama yetu, iliyozika watu wengi waliouawa kweli, mwaka 1972, tena mwaka 1993 na miaka iliyofuata, neno hilo si la kuchezewa.

Mtu aweza kunitetea kwa kusema kwamba mtu huuawa na maji pia. Kweli, lakini sikuyataja maji. Kauli ya kutendwa humficha mtendaji, na msikilizaji akifichwa mtendaji humtafuta mwenyewe. Hiyo ndiyo hatari ya lile ghala la -wa. Kila kitenzi tunachokitoa humo kinaacha nyuma yake swali: na nani?

Miaka mingi ilipita kabla sijaona neno lililonifaa. Lilikuwapo siku ile ile, na lina silabi mbili zinazolingana na "ziwa", tena ndilo neno ambalo kila mtu pale matangani alikuwa akilisema tangu asubuhi:

Tumemzika nyumbani, sisi sote tumefiwa.

Mizani haikupungua wala kuzidi. Kina kimekuwa kizito zaidi kuliko kile cha kwanza. Na hakuna wa kutazamwa, maana wale wawili nao wamo ndani ya "sisi sote".

6. Kanuni tatu za kushika

Kwanza, andika mshororo wako kwa maneno ya kawaida kabla ya kutafuta kina, ujue unachotaka kusema. Pili, usichukue kina cha kwanza kinachokuja. Andika kumi pembeni ya karatasi, halafu uchague. Tatu, ukishachagua, jifikirie kwamba yule unayemtaja ameketi mbele yako, au mama yake. Kama huwezi kumsomea, futa.

Zoezi

(a) Neno "wavu" litafutie vina vitano vinavyoishia kwa silabi -vu, na useme vipi kati yake vina silabi mbili zinazolingana nalo.

(b) Je, "kamba" na "baba" ni vina? Gawa silabi, utoe sababu.

(c) Tunga ubeti mmoja wa mishororo minne juu ya kazi ya mzazi wako, iwe uvuvi, mawese, shamba au duka. Kina cha mwisho kiwe -wa, lakini usitumie kitenzi cha kutendwa zaidi ya kimoja. Kisha umsomee mzazi huyo kabla hujauleta kwa mhariri.

Wasalaam.
Mwanafunzi wa zamani, Kizuka