Siki ya Matofaa: Wakati wa Kufungua na Wakati wa Kufunga

Kila msimu wa matofaa yako matunda ambayo mnunuzi huyakataa: madogo, yenye makovu, au yasiyo na rangi ya kupendeza. Mkulima mwenye akili hayatupi. Huyakamua na kuyaacha maji yake yachachuke ili apate siki. Mwanzo huo si mgumu. Wengi huharibu kazi yao baadaye, wakati wa kuikomaza siki na kuitia katika chupa.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza lita 20. Nusu ya maji yale niliyatia katika chupa mapema na kuziba kwa nguvu. Usiku mmoja chupa tatu zikapasuka kabatini, na vipande vya kioo vikafika mpaka mlangoni. Ni bahati kwamba watoto walikuwa wamelala. Nusu ya pili ikawa siki nzuri, lakini niliiacha miezi mingi katika pipa lililofunikwa kitambaa tu. Nilipoirudia nilikuta maji yasiyo na ukali.

Makosa hayo mawili yalikuwa na asili moja: sikujua ni lini hewa inatakiwa na ni lini haitakiwi. Hilo ndilo somo letu.

SABABU YAKE

Kazi hii hufanywa na viumbe vidogo vya aina mbili. Kwanza, chachu hula sukari ya matunda na kuigeuza kuwa kileo pamoja na gesi ya kaboni, ile inayotoa mapovu. Chachu haihitaji hewa ya nje. Pili, bakteria wa siki hugeuza kileo kuwa asidi, nao hawawezi kazi hiyo bila hewa. Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, alieleza jambo hili katika miaka ya 1860. Lakini kileo kikiisha na hewa ikiendelea kuingia, bakteria hao hao huanza kula asidi yenyewe. Mtumishi amekuwa mwizi.

Basi shika hatua tatu.

1. FUNGA, LAKINI ACHA NJIA YA GESI

Maji yanapochachuka, chombo kifunikwe, na mpira mwembamba utoke katika kifuniko mpaka ndani ya chupa ya maji. Gesi hutoka, wala hewa haiingii. Ngoja wiki 3 hadi 6. Dalili za kwisha ni hizi: mapovu yamekoma, mashapo yametua chini, maji yameanza kung'aa, na utamu umetoweka. Mwenye haidromita aone 1.000 au chini yake, na isibadilike kwa siku 7.

Usidanganywe na baridi. Katika nyanda za juu baridi huweza kuilaza chachu kabla sukari haijakwisha. Sogeza chombo mahali pa joto kwa siku chache, uone kama mapovu yatarudi.

Gramu 4 za sukari, kadiri ya kijiko kimoja cha chai, hutoa karibu lita 1 ya gesi. Vijiko vitano vikibaki katika chupa ya lita moja, lita 5 za gesi zitatafuta mlango. Zisipoupata, zitavunja ukuta.

2. FUNGUA

Maji yakiwa tayari, yahamishe kwa mpira mwembamba, ukiyaacha mashapo chini. Tumia chombo chenye mdomo mpana, nacho kisijazwe zaidi ya robo tatu. Kiwe cha kioo, cha mti, au cha plastiki ya chakula. Usitumie debe, bati wala shaba, kwa maana siki hula madini hayo na kuyatia katika chakula chako.

Ongeza siki hai isiyochemshwa, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji. Funika kwa kitambaa safi na kukifunga kwa kamba, hewa ipite lakini inzi wadogo wasiingie. Weka mahali penye joto la digrii 25 hadi 30, kwa mfano karibu na jiko. Utando mzito ukitokea juu usishtuke; huo ndio mama wa siki.

Kazi hii huchukua miezi 2 au 3. Usisimame katikati na kuwauzia jirani, kwa maana maji ambayo hayajawa siki ni kileo, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu kukiuza bila leseni.

3. FUNGA KABISA

Onja kila wiki. Harufu ya kileo ikiisha na ukali usipozidi kwa wiki mbili, usikawie. Chuja siki, itie katika chombo kinachojaa mpaka juu, kisha kizibe. Kiweke gizani miezi 2 hadi 6. Ule ukali wa kuchoma pua hupungua, harufu ya tunda hurudi, na siki hung'aa.

Siku ya kuitia katika chupa, ipashe moto katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu mpaka digrii 70. Usiichemshe. Mimina katika chupa zilizooshwa kwa maji moto, ukiacha nafasi ya upana wa kidole tu. Ziba kwa kizibo cha plastiki au cha gome, si cha chuma kitupu. Andika tarehe.

TAHADHARI

Siki ya dukani kwa kawaida ina asidi ya asilimia 4 au 5. Ulimi hauwezi kupima hayo. Basi siki yako itumie katika kachumbari na kulainisha nyama, lakini usiitegemee kuhifadhi mboga za kuwekwa muda mrefu mpaka ipimwe. Ukitaka kuiuza, ni lazima ipimwe na kupata alama ya ubora ya KEBS. Pia usikamue matofaa yenye ukungu, wala yaliyookotwa malishoni penye mavi ya ng'ombe.

MASWALI

1. Mapovu yamekoma baada ya wiki ya baridi kali. Je, utafanya nini kabla ya kuendelea?
2. Kwa nini chombo cha hatua ya pili kisijazwe mpaka juu, na cha hatua ya tatu kijazwe?
3. Jirani yako ana debe zuri jipya. Utamwambia nini?

Mwenye kuyajibu maswali haya bila kurudi nyuma anaweza kuanza kukamua matofaa yake.