Mwalimu wa Michezo Haachi Kalamu

Watoto, mchezo wa kuigiza ni nini? Ni habari inayosemwa kwa kinywa na kuonyeshwa kwa mwili, mbele ya watu.

Ebrahim Hussein alizaliwa katika nchi iitwayo leo Tanzania, mwaka 1943. Alifundisha kazi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 kilitoka kitabu chake Kinjeketile, juu ya vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Watu waliamini kwamba maji ya dawa yatazuia risasi za Wajerumani. Wakafa wengi.

Katika miaka ya 1980 aliacha kazi ya Chuo. Je, kalamu yake ilikauka? Hapana. Mwaka 1988 kilitoka Kwenye Ukingo wa Thim. Humo mjane anashindana na ukoo: nani atamzika mume wake? Zamani wanafunzi wake walikaa mbele yake. Sasa ni wote wanaosoma.

Kazi ina mwisho wake. Ujuzi hauna.

Maulizo:
1. Watu wa Maji Maji waliamini nini?
2. Mjane anashindana na nani?
3. Mwalimu akiacha kazi, ujuzi wake unakwenda wapi?