Mti wa Uani na Sahani ya Mtoto: Matunda na Viungo kutoka Ufuko wa Nyasa hadi Milima ya Umatengo

Shabaha ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya na mgonjwa wataweza kueleza ni miti gani ya matunda na viungo inayofaa kupandwa kulingana na mwinuko wa mahali, namna ya kula mazao yake ili mwili unufaike, na mahali ambapo kazi ya mti hukoma na kazi ya dawa huanza.

Utangulizi

Mkoa wa Ruvuma huhesabiwa miongoni mwa maghala ya chakula ya Tanzania. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliwakuta zaidi ya watoto 35 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 30. Udumavu una sababu nyingi: maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, mimba zinazokaribiana, na mlo usio na mchanganyiko. Ghala lililojaa mahindi hushibisha tumbo, lakini halimpi mtoto vitamini A, vitamini C wala madini ya chuma ya kutosha. Ndiyo maana miti michache iliyopandwa uani kwa mpango ni jambo la afya, wala si la kilimo pekee.

Mti na mwinuko wake

Uso wa Ziwa Nyasa upo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, vijiji vya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, barabara hupanda hadi milima ya Umatengo, ambayo sehemu zake hukaribia mita 2,000. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa hiyo, mche unaostawi ufukoni huenda ukadumaa mlimani, na wa mlimani ukaungua ufukoni.

Ufukoni panafaa mwembe, mpapai, mpera, mchungwa na mfenesi. Milimani, mwembe hutoa maua, lakini baridi na ukungu huyaozesha kabla ya kufunga matunda. Mpapai nao huzaa kidogo na matunda yake hayakolei utamu. Huko juu yafaa kupanda mparachichi, mgogwe, mpichi na pasheni, pamoja na migomba ambayo tayari huvitia kivuli vishamba vya kahawa. Mpera huvumilia kote kuwili, isipokuwa kwenye vilele vyenye baridi kali.

Kupanda kwa kufuata kalenda ya upungufu

Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Miezi migumu kwa kaya nyingi ni Januari hadi Machi, wakati mahindi ya mwaka uliopita yamepungua na mapya hayajakomaa. Basi, kabla ya kununua miche, kaya na ijiulize: ni mwezi gani mtoto wetu hali tunda lolote?

Embe za ufukoni kwa kawaida huiva mwishoni mwa mwaka na kuingia mwaka mpya, zikiziba sehemu ya pengo hilo. Machungwa hufuata katika miezi ya baridi. Mpapai uliopata maji huzaa karibu mwaka mzima, tena huanza baada ya miezi 9 hadi 12. Kwa sababu hiyo, kaya yenye mtoto mchanga na ianze na mipapai mitatu: itakuwa imezaa mtoto atakapokuwa anajifunza kutembea. Mwembe na mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, ilhali uliooteshwa kwa mbegu waweza kuchukua sita au zaidi.

Namna ya kupanda

Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Changanya udongo wa juu na ndoo moja au mbili za samadi iliyooza vizuri, urudishe shimoni, kisha upande mche mvua zinapoanza kukolea. Miembe iachane mita 10, miparachichi mita 7 au 8, michungwa mita 6, mipera mita 5, na mipapai mita 2.5 hadi 3. Weka matandazo ya nyasi kuzunguka mche, lakini yasiguse shina. Mpapai haupendi maji yaliyotuama. Upande juu ya tuta.

Wamatengo wana hazina yao wenyewe katika kazi hii. Kilimo cha ngoro, yaani vishimo vinavyopangwa mteremkoni juu ya nyasi zilizolazwa na kufukiwa, huzuia mmomonyoko na kurutubisha udongo. Mti wa matunda ukipandwa pembezoni mwa shamba la ngoro, hupata unyevu uliohifadhiwa bila kuyanyima maharage mwanga.

Tahadhari mbili za afya zizingatiwe. Kwanza, shimo lililochimbwa na kuachwa wazi wakati wa mvua huwa zalio la mbu; chimba na ujaze mapema. Pili, anayechota maji ya kumwagilia asisimame ndani ya madimbwi na maji yenye majani mengi, kwa kuwa huko ndiko hukaa konokono waenezao kichocho.

Kutoka mtini hadi mwilini

Tunda halifanyi kazi kwa kuwapo mtini; hufanya kazi likiliwa ipasavyo.

Vitamini A. Rangi ya njano ya embe na papai hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga. Tuwe wakweli kuhusu kiasi: gramu 100 za embe mbivu hutoa takriban mikrogramu 54 za vitamini A, ilhali mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huhitaji mikrogramu 300 kwa siku. Embe, basi, husaidia lakini haitoshi. Iongezewe mboga za majani ya kijani kibichi, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na dagaa wa ziwani walioliwa wazima. Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kipande cha parachichi au karanga zilizosagwa katika mlo huohuo hutosha. Matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 yasiachwe kwa kuwa kaya ina mwembe.

Madini ya chuma. Maharage yana chuma, lakini mwili hukifyonza kwa shida. Vitamini C hurahisisha kazi hiyo, na pera lina vitamini hiyo takriban mara nne ya chungwa. Pera au chungwa bichi liliwe pamoja na maharage, si saa kadhaa baadaye. Kahawa, fahari ya Mbinga, hufanya kinyume: ikinywewa na chakula hupunguza sana ufyonzaji wa chuma, na chai vilevile. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wainywe saa moja kabla ya mlo au saa mbili baada yake. Watoto wadogo wasipewe kabisa.

Dawa ya malaria. Dawa ya mseto, ALu, hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Pale ambapo maziwa hayapatikani, parachichi humsaidia mgonjwa.

Mtoto aanze kupewa tunda lililopondwa akitimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama pekee. Matunda yaoshwe kwa maji safi na salama, hasa nyakati za kipindupindu.

Viungo na mipaka yake

Mdalasini hustawi penye joto na mvua ya kutosha. Mmea ukikatwa huchipua tena, na magome huanza kuvunwa baada ya miaka miwili au mitatu. Pilipili manga hutambaa juu ya mti mwingine, na tangawizi hukubali kivuli cha migomba. Faida kubwa ya viungo kwa mgonjwa wa shinikizo la damu ni kukoleza chakula ili chumvi ipungue. Mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai.

Lakini kiungo si badala ya dawa. Tafiti kuhusu mdalasini na kisukari zimetoa majibu yanayopingana. Hakuna msingi wa kumwambia mgonjwa aache metformini au insulini. Tena, aina ya mdalasini yenye gome nene na gumu huwa na kumarini nyingi, ambayo ikitumiwa kwa wingi kila siku huweza kudhuru ini. Mafuta ya karafuu hutuliza jino kwa muda, lakini mtoto akiyameza huweza kuumia ini vibaya. Balungi huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama nifedipini, kupita kiasi. Mgonjwa wa figo aulize kabla ya kula parachichi na ndizi kwa wingi, kwa sababu ya potasiamu. Mwenye kisukari ale tunda zima kwa kipimo, asinywe juisi.

Kwa mhudumu wa afya

Katika kliniki ya mtoto au ya wajawazito, maswali manne yanatosha kuanzisha mazungumzo: Nyumbani kwenu kuna miti gani inayozaa? Ni mwezi gani hakuna tunda? Matunda huliwa na watoto au huuzwa yote? Je, kuna kiungo au mti unaotumika badala ya dawa uliyoandikiwa? Swali la mwisho liulizwe kwa upole na bila kukemea, kwani mgonjwa aliyeaibishwa hufunga mdomo, na dawa aliyoiacha huonekana tu pale anaporudishwa akiwa mahututi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwembe wa Liuli huzaa vizuri kuliko uliopandwa kwenye miinuko ya Umatengo?
2. Mama mwenye upungufu wa damu hula ugali na maharage, kisha hunywa kahawa papo hapo. Utamshauri nini?
3. Kaya ina embe tele. Eleza sababu mbili za mtoto wao kuendelea kupewa matone ya vitamini A.