Kabla ya Kuchomeka RV Nyumbani

Kijitabu hiki ni kwa msomaji aliyeko Marekani au Kanada ambaye ana RV, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, naye anataka kuiegesha uani na kuipa umeme wa nyumba. Kama ulijifunza ufundi umeme Dar es Salaam au Mombasa, soma taratibu zaidi, maana mazoea ya huko ndiyo yanayoweza kukuponza.

Moto uko wapi

Afrika Mashariki soketi ya kawaida ina volti 230 au 240. Huku nyumba huingiza nyaya mbili za moto. Ukipima waya mmoja wa moto na nyutro unapata volti 120, na ukipima moto kwa moto unapata 240.

Rangi nazo zimegeuka. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambao bado umo kwenye nyumba nyingi kwetu, mwekundu ni moto na mweusi ni nyutro. Marekani mweusi ni moto, mwekundu pia ni moto, mweupe ni nyutro, na wa kijani au usio na ganda ni ethi. Anayeushika mweusi kwa mazoea ya nyumbani ameshika moto.

Soketi ya ampea 30

Hapa ndipo vifaa vingi huungulia. Soketi ya RV ya ampea 30 ni ya volti 120: moto mmoja, nyutro na ethi. Lakini ni kubwa, ina matundu matatu, na inafanana na soketi ya zamani ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo ni ya volti 240. Fundi asiyezijua RV huiona, huona ampea 30, akaifungia 240. Ukichomeka tu, maikroweve, chaja ya betri na televisheni vinaungua. Kwa hiyo mwambie fundi waziwazi, kabla hajaanza kazi: "Ni ya RV, volti 120."

Baadaye fungua mlango wa boksi la breka, bila kugusa kifuniko kilichofungwa kwa skrubu. Breka ya soketi hiyo iwe ya mkono mmoja. Ukikuta mikono miwili iliyounganishwa, usichomeke. Hata ukiona mkono mmoja, volti zipimwe kwanza kwa multimita: moto na nyutro 120, moto na ethi 120, nyutro na ethi karibu na sifuri.

Soketi ya ampea 50 ina matundu manne, na hiyo kweli ina nyaya mbili za moto, 240 kati yake. Adui wake ni nyutro iliyolegea. Ikikatika, upande mmoja wa RV hupanda kupita 120 na mwingine hushuka, wala breka haitambui.

Ukitumia soketi ya kawaida

Soketi ya ampea 15 hutoa wati 1,800, na kwa matumizi ya saa nyingi usizidishe 1,440. Zinatosha taa, friji na kuchaji betri. Kiyoyozi cha juu ya paa iachie soketi kubwa. Ekstensheni iwe nene, ya geji 12, na fupi kadiri inavyowezekana. Baada ya nusu saa gusa ganda la plagi. Likiwa la moto, zima.

Ukisikia ganzi

Kila unapochomeka RV, zima breka kwanza, chomeka, kisha washa. Kama ukigusa mlango wa RV, hasa ukiwa peku kwenye majani mabichi, unasikia ganzi mkononi, ujue bodi lote lina umeme. Mara nyingi ethi imekatika, au mtu ameing'oa pini yake ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Usiichukulie ganzi hiyo kuwa ndogo, kwani mwili ukilowa zaidi inaweza kuua. Rudi nyuma, kazime breka ya nyumba, na watoto wasiisogelee RV mpaka fundi mwenye leseni aikague.